Ile picha ya dada yetu nje ya benki, tulicheka bure



Mnaikumbuka ile picha iliyozunguka wiki tatu zilizopita? Dada yetu mmoja wa bongo movi, jina kapuni, amekaa kwenye ngazi za benki moja hapa mjini, hana wigi, hana mekapu, ameshika bahasha ya kaki kama mtu anayezungusha CV. Mitandao ikachafuka. "Kafulia huyo." "Mkopo wa kununulia simu umemfika shingoni." Na mimi niliiposti hapahapa na kaemoji ka kucheka, komenti zikamiminika kuliko habari yoyote niliyoweka mwezi ule.

Juzi usiku nimeifuta. Wengi mmekuja inbox kuniuliza nimelipwa shilingi ngapi. Sijalipwa hata mia. Alinipigia mwenyewe.

Hakunitukana, na bora angenitukana. Aliniambia ndani ya ile bahasha kulikuwa na cheti cha kifo. Mzazi mwenzie, ambaye hakuwa mtu wa kamera, alifariki mwaka jana akaacha mkopo wa biashara, na yeye ndo alikuwa mdhamini. Benki ikaanza kumpigia yeye. Miezi minane dada wa watu akawa anapeleka marejesho kwa hela ya kushuti na vitangazo vidogovidogo vya saluni. Siku moja mjomba wa marehemu anapekua makaratasi akakuta mstari mmoja kwenye hesabu ya mkopo: BIMA. Yaani marehemu alikatwa bima ya mkopo siku ileile aliyochukua hela. Bima ya kulipa deni akifa. Na amekufa. Na deni linalipwa na mama wa mtoto wake.

Miezi yote hiyo kila aliyempigia simu kutoka benki alijua tarehe ya marejesho mpaka saa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama amepeleka cheti cha kifo ili bima ilipe.

Sasa kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ndani kwetu Upanga tuna kesi ya hivyohivyo, naijua tangu mwanzo hadi mwisho, na bado nilicheka.

Mamdogo wangu ninayekaa naye anauza vitenge Kariakoo. Asubuhi anatoka, anakatiza Fire kwa mguu kwa sababu ya foleni, saa mbili yuko dukani. Alianza na mkopo wa milioni 3. Ulipofika mwezi wa saba afisa mikopo akamwambia mama wewe ni mteja mzuri, tukuongezee. Wenyewe wanaita topapu. Ukawa milioni 5. Miezi minane mbele, topapu tena, milioni 6. Kila mara anasaini makaratasi yamejaa Kiingereza, kila mara hela inaingia pungufu, na kila mara akiuliza anajibiwa "hiyo ada na bima mama, una bima, usiwe na wasiwasi."

Hilo neno "una bima" kwa mtu wa Kariakoo lina maana moja tu. Moto. Sisi tuliokuwa mjini tarehe 10 Julai 2021 tunajua, soko kuu liliwaka usiku, watu wanalia barabarani wanaona mtaji unageuka moshi. Halafu Novemba 16, 2024 lile ghorofa likaporomoka na watu zaidi ya 20 wakafa. Mfanyabiashara wa pale akisikia ana bima analala usingizi. Mamdogo alilala usingizi mwaka mzima.

Mwaka huu stoo anayochangia na wenzake ikapata shoti ya umeme. Haikuwa habari ya kwenye TV, ni chumba kimoja tu, lakini mzigo wake wa kama milioni 4 ulikuwa humo. Akaenda benki na picha kwenye simu. Nilimsindikiza, kwa hiyo hii siisimulii kwa kusikia.

Kijana wa kaunta akaangalia kompyuta, akasema, "Mama, bima yako ni ya kifo na ulemavu wa kudumu."

Mamdogo akamwambia, "Kwa hiyo mwanangu ningekufa ndo mngenilipa?"

"Hapana mama. Ingelipa mkopo."

Watu kwenye foleni walicheka. Mamdogo hakucheka. Alikaa chini palepale kwenye kiti cha kusubiria, na mimi nikabaki nimesimama na mkoba wake mkononi.

Niwe muwazi, maana najua kuna mtu ataandika "kwani benki imekosea nini". Bima ya mkopo siyo wizi. Ni kitu kizuri kabisa, unaacha watoto bila deni. Shida yangu ni jinsi inavyouzwa. Mtu anakatwa hela ya kitu ambacho hajaelezwa kinamlinda na nini, hajapewa hata karatasi yake, na anaambiwa neno moja ambalo muuzaji anajua kabisa msikilizaji ataelewa tofauti. Kwangu mimi huko ni kumuuzia mtu kitu sicho.

Na hela hii inarudi. Hapa ndo nataka mnisikilize.

Uingereza walishapita huko. Mabenki yao yaliwauzia watu bima za mikopo kwa miaka, mpaka watu waliojiajiri waliuziwa bima ya kupoteza ajira ambayo isingeweza kuwalipa. Watu wakakomaa kudai. Ile mamlaka yao ya fedha ikaweka tarehe ya mwisho ya kudai, 29 Agosti 2019, na kwenye tangazo wakatumia kichwa bandia cha Arnold Schwarzenegger kinatembea kinawafokea watu wafanye maamuzi. Siongopi, kitafute YouTube. Mpaka shughuli inaisha mabenki yalikuwa yamerudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Kuna mama mmoja mjane, Susan Plevin, kesi yake ilifika mahakama ya juu kabisa mwaka 2014. Alilipa pauni 5,780 za bima, na ikaja kujulikana zaidi ya asilimia 71 ya hela ile ilikuwa kamisheni ya waliomuuzia na kumkopesha. Bima yenyewe ilibaki na makombo. Mahakama ikasema kumficha kitu kama hicho hakukuwa haki.

Huku kwetu benki nazo zinasajiliwa na TIRA kuwa wakala wa bima, na wakala anakula kamisheni. Siyo dhambi. Ila ukiona mtu anakuharakisha kusaini, ujue kuna kitu anapata.

Mamdogo alirudishiwa kitu, siyo kwa moto lakini, moto ule umekula kwake. Ni kwa zile topapu. Fikiria hivi: mkopo wa kwanza ulikuwa wa miezi 12, akakatwa bima 45,000 ya miezi yote 12. Mwezi wa saba mkopo ule ukafungwa, ukafunguliwa mwingine, akakatwa bima nyingine 75,000 ya miezi 18. Ile miezi mitano iliyobaki kwenye bima ya kwanza inamlinda nani wakati mkopo haupo? Hakuna. Mkopo wa pili nao ukafungwa ikiwa imebaki miezi 10. Nilikaa na kikokotoo cha simu, jumla ikaja 60,417.

Tukaandika barua kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, tukaomba vitu viwili tu: nakala ya hati za bima zote tatu, na ada ya miezi ambayo haikutumika. Tukagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Huo muhuri jamani msiuache, maana safari ya pili walisema hawajawahi kuona barua. Safari ya tatu meneja hayupo. Ya nne, baada ya miezi miwili, meseji ikaingia, 60,417 imewekwa kwenye akaunti.

Najua mtasema elfu sitini ni hela ya kula bata siku moja. Kwako. Mamdogo kwa hiyo hela alinunua doti kadhaa akaziweka meza ya mbele, siku ambazo duka lilikuwa tupu. Na sasa zidisha hiyo elfu sitini kwa kila mama wa Kariakoo aliyefanyiwa topapu. Mimi hesabu siyo fani yangu, form four niliipata kwa mbinde, lakini hapo hata mimi naona.

Lile la pili, la kuambiwa "una bima" bila kuambiwa ya nini, benki ilijibu kwamba alisaini mwenyewe. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe gharama na masharti kwa uwazi kabla hajasaini. Kusaini siyo kuelezwa. Kwa hiyo tumepeleka BoT, wana dawati la malalamiko, ila wanataka uwe umeanza kulalamika kwa benki yako kwanza, ndo maana nimesema muhuri. Kama ugomvi wako ni na kampuni ya bima yenyewe, yaani wamekataa kulipa, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na wewe ambaye umefiwa na mwenye mkopo, kabla hujapeleka rejesho hata moja uliza: marehemu alikatwa bima? Uliza kwa maandishi. Dada yetu alipouliza, safari ya kwanza aliambiwa arudi na cheti cha kifo, ndo siku mliyompiga picha. Safari iliyofuata wakataka na karatasi za hospitali. Sasa hivi madai yake yamepokelewa, deni limesimama, lakini marejesho ya miezi minane bado hajarudishiwa. Ameniruhusu niandike haya yote bila jina, na ameomba kitu kimoja tu, mwenye ile picha kwenye simu asiitumie tena.

Mamdogo ana miadi yake BoT Jumatatu. Mkataba wake wa mkopo, ule wa Kiingereza, tumeupitia jana usiku kwenye meza ya kulia na kamusi ya simu, na bima imetajwa ukurasa wa saba, mistari minne. Nani mwingine hapa amefanyiwa topapu? Tupia komenti, jina la benki usiweke, weka tu ulikatwa shilingi ngapi na kama hati ya bima umewahi kuishika mkononi.