Barua ya wazi kwa VETA: Gesi ya AC ipimwe kwa mizani

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA),

Nakuandikia nikiwa fundi magari wa Mawengi, Ludewa, mkoani Njombe, kuhusu kazi ambayo wengi huku kwetu huiona ya watu wa pwani: matengenezo ya AC ya gari. Njombe ni baridi, na Juni na Julai umande huganda juu ya majani. Mtu atauliza AC ni ya nini. Lakini AC hupoza hewa na kuikamua unyevu, na ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo cha mbele pale abiria wamejaa na madirisha yamefungwa kwa baridi. Tena Makambako ni njia panda ya Dar es Salaam, Mbeya na Songea. Gari lililojazwa gesi kwetu leo, kesho litakuwa kwenye joto la pwani.

Hapo ndipo lilipo kosa. Mafundi wengi hujaza gesi kwa kutazama geji peke yake, na geji haisemi gesi ni kiasi gani. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, gesi ya R-134a kwenye nyuzi 15 za asubuhi ya Njombe huonyesha takriban psi 56. Gesi ile ile, bila kuongezwa hata gramu moja, kwenye nyuzi 32 huonyesha kama psi 104. Aliyekariri namba za Dar es Salaam ataona imepungua, ataongeza, na gari likiteremka pwani shinikizo litapanda hadi AC ijizime au kompresa iumie. Magari ya zamani yalibeba gesi nyingi, kosa dogo likasameheka. Madogo ya sasa mengi hayafikishi nusu kilo, na kiasi chake kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti. Gramu 100 za ziada kwenye 450 ni zaidi ya sehemu ya tano. Na gesi hii haitumiki ikaisha kama petroli, ikipungua, imevuja. Kwa hiyo itafutwe inapovujia, inyonywe yote iliyobaki, panapovuja pazibwe, hewa na unyevu vitolewe kwa pampu ya vakyumu, kisha ijazwe kwa mizani.

Magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, yameleta jambo zito zaidi. Kompresa ya Prius, tangu toleo la 2003, huendeshwa kwa umeme wa volti zaidi ya 200, na mafuta yake ni POE. Ukiweka PAG, mafuta ya kompresa za mkanda, kinga ya umeme ndani yake hudhoofika. Gesi nayo inabadilika: Umoja wa Ulaya umezuia R-134a kwenye magari mapya madogo tangu 2017, na R-1234yf iliyochukua nafasi yake inaweza kushika moto. Magari hayo yatatufikia yakiwa yametumika, kama yalivyotufikia yaliyotangulia.

Nitajibiwa kwamba mashine ya kunyonya gesi ni ghali. Ni kweli kwa gereji moja. Chuo chenu kinaweza kuwa nayo na gereji zikaitumia kwa zamu. Kuiachia gesi hewani si akiba: kilo moja ya R-134a hupasha joto dunia sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa miaka 100, na ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii hii. Nitajibiwa pia kwamba gereji inatosha kufundisha. Gereji hufundisha anachokijua mwenye gereji, na wengi walijifunza kabla ya haibridi kufika.

Kwenu ufundi magari, umeme wa magari, na majokofu na viyoyozi ni fani tatu. AC ya gari jipya inazitaka zote kwa fundi mmoja. Naomba ziunganishwe katika kozi fupi mkoani Njombe, na mpango wenu wa kurasimisha ujuzi uwapime mafundi wa Makambako na Njombe kwa vitendo: watambue gesi iliyomo, wainyonye, wakate umeme mkubwa kabla ya kugusa kompresa, wajaze kwa mizani. Asiyeweza asipewe cheti mpaka aweze.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi magari, Mawengi