Adedeji: Mchumi aliyechora njia ambayo Afrika bado inaitafuta

MACHI 21, 2018, viongozi wa Afrika walikutana Kigali, Rwanda, kutia saini mkataba wa kuanzisha Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, AfCFTA. Siku 35 baadaye, Aprili 25, Profesa Adebayo Adedeji alifariki dunia mjini Lagos, Nigeria, akiwa na umri wa miaka 87.

Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki jina hilo ni geni. Hata hivyo, mkataba wa Kigali ni tunda la mti ambao mchumi huyo alishiriki kuupanda takriban miaka 40 kabla, na vikwazo alivyopambana navyo wakati huo ndivyo vinavyoukabili hadi leo.

Adedeji alizaliwa Desemba 1930 katika mji wa Ijebu-Ode, kusini magharibi mwa Nigeria. Baada ya masomo nchini mwake, Uingereza na Marekani, alifundisha Chuo Kikuu cha Ife na kuwa profesa akiwa bado katika miaka ya 30 ya umri wake.

Mwaka 1971 Serikali ya Jenerali Yakubu Gowon ilimkabidhi wizara ya maendeleo ya uchumi na ujenzi mpya. Nigeria ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1967 hadi 1970, na kazi ya kupanga maendeleo ilikwenda sambamba na kazi ya kuponya majeraha.

Ni katika wadhifa huo alipoanza kuonyesha kipaji cha diplomasia. Alizunguka miji mikuu ya Afrika Magharibi kuwashawishi viongozi waungane kiuchumi, wakiwamo wa nchi zilizotawaliwa na Ufaransa, ambazo zilihofia kumezwa na jirani mkubwa. Mei 28, 1975, nchi 15 zilitia saini mkataba wa Lagos ulioanzisha ECOWAS.

Mwaka huohuo alikwenda Addis Ababa, Ethiopia, kuwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Alikaa hapo hadi mwaka 1991. Katika kipindi hicho tume hiyo ilisaidia kuundwa kwa Eneo la Upendeleo wa Biashara, PTA, mwaka 1981, ambalo baadaye liligeuka kuwa COMESA.

Kilele cha kazi yake kilikuwa Mpango wa Utekelezaji wa Lagos, uliopitishwa na wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika Aprili 1980. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: bara linalouza mazao ghafi na kununua karibu kila kitu kutoka nje litabaki maskini. Afrika ijilishe, ijenge viwanda vyake na ifanye biashara na Afrika. Wahenga walikwisha kusema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Lakini mwaka uliofuata Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake kuhusu Afrika iliyoelekeza kinyume. Ripoti hiyo, iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Elliot Berg, ililaumu zaidi sera za serikali zenyewe, ikataka masoko yafunguliwe na mkono wa dola upunguzwe.

Tofauti kubwa kati ya nyaraka hizo mbili haikuwa ubora wa hoja. Mpango wa Lagos ulikuwa na saini za marais, ripoti ya Benki ilikuwa na mikopo nyuma yake. Serikali zilizoelemewa na bei ya mafuta na madeni hazikuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Hata Tanzania, iliyokuwa imevutana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka kadhaa, ilifikia makubaliano nalo mwaka 1986.

Adedeji hakunyamaza. Mwaka 1989 tume yake ilipinga hadharani takwimu za Benki ya Dunia zilizodai kuwa nchi zilizorekebisha uchumi zilikuwa zikifanya vizuri zaidi, kisha ikatoa mpango mbadala uliotaka marekebisho yasiyobomoa elimu na afya. Februari 1990, mkutano uliofanyika Arusha ulipitisha mkataba uliosisitiza kuwa hakuna maendeleo pasipo wananchi kushirikishwa.

Wapo wanaomkosoa. Wanasema mipango yake iliwaamini mno watawala ambao wenyewe walikuwa sehemu ya tatizo. Ukosoaji huo una uzito, kwani marais walioshangilia Lagos walirudi makwao na kuyaweka makubaliano hayo makabatini.

Pengine yeye mwenyewe aliliona hilo. Baada ya kustaafu aliingia katika jopo la watu mashuhuri la Mpango wa Afrika wa Kujitathmini, APRM, akaongoza tathmini ya Afrika Kusini. Ripoti ya mwaka 2007 ilitahadharisha juu ya chuki dhidi ya wageni. Serikali ya nchi hiyo haikuipokea vizuri. Mei 2008 ghasia dhidi ya wahamiaji ziliua watu zaidi ya 60.

Hapa ndipo lilipo funzo kwa AfCFTA. Biashara chini ya mkataba huo ilizinduliwa rasmi Januari 1, 2021, na mwaka 2022 Kenya, Tanzania na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kushiriki majaribio yake. Hata hivyo, biashara baina ya nchi za Afrika imekuwa ikikadiriwa kuwa takriban asilimia 15 tu ya biashara yote ya bara hili.

Kanda nazo zinapishana. Kenya imo COMESA, Tanzania ilijitoa mwaka 2000 na kubaki SADC, ilhali zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara wa mpakani ndiye anayelipa gharama ya mkanganyiko huo.

Maisha ya Adedeji yanaonyesha kuwa Afrika haijawahi kukosa wapangaji. Ilichokosa ni fedha zake yenyewe za kuendeshea mipango hiyo, na viongozi walio tayari kubanwa na saini zao. Iwapo mawili hayo hayatapatikana, mkataba wa Kigali utaufuata ule wa Lagos kabatini.