Gari ya kukodisha inauzwa, daftari yake iko wapi?

LUBUMBASHI – Karavia kama kwingine mjini, wenye kukodisha gari wanapouza zile zilizochoka, mnunuzi anaambiwa neno moja: ilitunzwa. Na nani? Leo iliendeshwa na mgeni wa hoteli, kesho na dereva wa mgodi aliyeikimbiza njia ya Kolwezi, kilometa kama 300, kwenda na kurudi. Hakuna kati yao aliyeionea uchungu.

Ni kweli, kampuni nzuri ya kukodisha ina kitu ambacho muuzaji wa barabarani hana: inaandika. Mafuta ya mota yaliyobadilishwa, ajali, yote yamo ndani ya daftari. Basi daftari itolewe! Anayeificha anauza rangi na sabuni. Kompta inaweza kurudishwa nyuma. Pedali ya breki iliyolika hairudi.

Familia iliyokimbia vita, ikachanga pesa ya mwisho ili ipate taksi, haina nyingine. Iende na fundi wake, si wa muuzaji. Gari iinuliwe, chini pachunguzwe. Na karte roze? Kama eti ingali ofisini kwa kampuni, pesa nayo ingali mfukoni.