Kijana mwenye usonji anadai jina, si huruma

Kila ifikapo Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya kuufahamisha ulimwengu kuhusu usonji, hotuba husomwa, fulana za buluu huvaliwa na picha za watoto hupamba kurasa za magazeti. Ni jambo jema. Lakini msomaji azitazame picha hizo kwa makini. Aghalabu zote ni za watoto. Mtu angedhani usonji ni mfano wa meno ya utotoni, ambayo hung'oka yenyewe mwenyewe anapokaribia kubalehe.

Ukweli ni kwamba mtoto mwenye usonji hukua akawa kijana mwenye usonji, na hatimaye mzee mwenye usonji. Hali hii si maradhi ya kuambukiza, wala haisababishwi na malezi mabaya au laana ya ukoo. Ni namna ubongo ulivyoumbika tangu mtu angali tumboni, na urithi wa nasaba una mchango mkubwa. Wapo wasiosema kabisa na wanaohitaji kuangaliwa mchana na usiku. Wapo pia wasemao kwa ufasaha, waliofaulu mitihani, lakini ambao kelele za sokoni huwaumiza, mabadiliko madogo ya ratiba huwavuruga, na mazungumzo ya kawaida huwachosha kuliko kulima shamba zima. Hawa wa pili ndio ninaokusudia kuwasemea leo, hususan wale wa Kitui na Makueni.

Je, ni wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mnamo 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Sensa ya 2019 iliihesabia Kitui watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Iwapo kadirio hilo linatuhusu sisi kama linavyowahusu wengine, basi kaunti hizi mbili zina watu zaidi ya 16,000 wenye usonji, na wengi wao si watoto. Sensa hiyohiyo iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Haikuuliza kuhusu usonji. Asiyehesabiwa hatengewi fungu katika bajeti.

Mtu anaweza kuuliza: imekuwaje kijana afikishe miaka 20 na ushei bila ya mzazi wala mwalimu kung'amua lolote? Jibu moja limo katika historia ya taaluma yenyewe. Leo Kanner aliwaeleza watoto 11 nchini Marekani mwaka 1943. Hans Asperger akaandika mjini Vienna mwaka uliofuata. Lakini maandishi ya Asperger kuhusu watoto waliosema vizuri hayakupata wasomaji wengi katika ulimwengu wa Kiingereza hadi Lorna Wing alipoyafufua huko Uingereza mwaka 1981. Kwa hivyo hata Ulaya kwenyewe, kumtambua mtu mzima mwenye ndimi fasaha ni jambo la juzi. Seuze Mutomo na Kibwezi.

Jibu la pili limo katika adabu zetu. Kitabu cha daktari husema kuwa mtu mwenye usonji huenda asimtazame mwenzake machoni. Katika jamii ya Wakamba, kijana anayemkodolea mzee macho ndiye anayetiliwa shaka. Anayeinamisha uso husifiwa kwa nthoni, yaani ile haya iliyochanganyika na heshima. Msichana asiyependa kundi, anayekaa peke yake akipanga vitu vyake kwa utaratibu uleule kila siku, huambiwa ni mtulivu na atakuwa mke mwema. Sifa hizo huificha hali yake kama pazia, na pazia hilo huanguka siku anapotoka nyumbani kwenda chuoni au kazini, ambako hakuna mama wa kumtafsiria ulimwengu.

Mimi ni mwanaisimu, na hapo kwenye kutafsiri ndipo ninapoguswa zaidi. Adabu ya Kiswahili, sawa na ile ya Kikamba, hukaa katika maneno yasiyomaanisha yanachosema. Rafiki usiyemwona kwa mwezi mmoja hukwambia, "Umepotea!" nawe hucheka. Jirani anayekula hukwambia, "Karibu," nawe hujibu kwamba umeshiba hata kama njaa inakukereketa. Mtu wa mjini husema, "Nakuja sasa hivi," ilhali hajaondoka kwake. Kijana mwenye usonji huweza kujibu kwamba hajapotea, bali alikuwa nyumbani. Huketi na kula. Husimama kituoni saa mbili akimngoja aliyesema anakuja. Sisi humwita mjinga, mlafi au mkaidi. Kosa lake ni kutuamini kwa maneno yetu.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Makueni, ameniruhusu niyaeleze yaliyomkuta pasi na kumtaja. Alisoma kuhusu usonji akiwa na miaka 22, akajiona katika kila ukurasa. Akaenda katika hospitali moja kuomba achunguzwe. Aliambiwa kwamba anasema vizuri na amefika chuo kikuu, kwa hivyo aache kujitafutia magonjwa. Hospitali ya pili ilimpa dawa za usingizi. Jamaa zake nao walichanga pesa wakampeleka kwa mganga, ambaye alidai kwamba kuna mkono wa mtu. Kitui imepakwa sifa ya uganga katika mizaha ya Wakenya wote, lakini huu si mzaha kwa mtu aliyechanjwa chale kwa sababu hapendi kelele.

Kijana kama huyo aelekee wapi? Vituo vya kutathmini mahitaji ya elimu, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, vilikusudiwa watoto. Wataalamu wenye ujuzi wa usonji wengi wao wako Nairobi. Kwa mtu wa Tseikuru au Ikutha, safari hiyo ni nauli, malazi na siku kadhaa za kazi zilizopotea, kabla hajalipa ada ya uchunguzi wenyewe.

Hata akifika, vipimo atakavyokutana navyo havikushonwa kwa kimo chake. Hojaji mashuhuri ya watu wazima, iliyotungwa Cambridge na Simon Baron-Cohen na wenzake na kuchapishwa mwaka 2001, ina kauli 50. Mojawapo inamtaka mtu apime kama angechagua maktaba badala ya karamu. Nyingine, kama angechagua ukumbi wa tamthilia badala ya makavazi. Kijana aliyekulia mahali ambapo maktaba ni kabati moja katika ofisi ya mwalimu mkuu atajibu nini? Kauli inayohusu kuvutiwa na nambari za magari, hiyo inaweza kufika salama katika stendi ya Wote. Hizo nyingine zahitaji kutungwa upya kwa matanga, harusi, minada ya mbuzi na mikutano ya chifu. Hii ni kazi ya wanaisimu pamoja na madaktari, na vyuo vikuu vyetu vina watu wa kuifanya.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba usonji hauna dawa, basi jina litamfaa nini? Litamfaa kwa sababu mtu asiyelijua jina la hali yake hujipa majina mengine: mvivu, mbaya, aliyelaaniwa. Majina hayo huua polepole. Jina sahihi humwonyesha kazi ipi imfae, pumziko gani alihitaji, na wenzake ni akina nani. Pingamizi la pili ni kwamba jina litamwaibisha na kumkosesha mchumba. Lakini jamii imekwisha kumpa jina lake la kejeli. Swali ni kama tutamwachia hilo au tutampa lililo kweli. La tatu, na lenye uzito zaidi, ni kwamba kaunti zenye ukame na uhaba wa maji haziwezi kumudu anasa hii. Nami nasema kwamba kijana mwenye shahada aliyefungiwa nyumbani, na mama aliyeuza ng'ombe kumlipa mganga, ni gharama tunayoilipa tayari.

Wamarekani wana mfano unaotufaa. Donald Triplett, yule mtoto wa kwanza katika maelezo ya Kanner, aliishi katika mji mdogo wa Forest, Mississippi, akafanya kazi benki kwa miaka mingi, na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Ni kweli kwamba familia yake ilikuwa na uwezo. Lakini pia majirani walimjua alivyo, wakamwachia nafasi yake. Vijiji vyetu vinaweza kufanya hivyo iwapo vitaelezwa.

Sheria nayo iko upande wa kijana. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua mahali pa ile ya 2003. Hata hivyo haki nyingi hupitia katika karatasi: kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kunahitaji tathmini ya daktari. Pasipo uchunguzi hapana karatasi, na pasipo karatasi haki hubaki kitabuni.

Makueni imewahi kuthubutu. Mwaka 2016 ilianzisha mpango wa matibabu ambapo kila kaya ililipa Sh500 kwa mwaka. Katika mwongo huohuo Profesa David Ndetei na wenzake waliwakutanisha huko matabibu, viongozi wa dini na waganga wa kienyeji, ili watambue matatizo ya akili na kuwaelekeza watu kwenye huduma. Njia ile inaweza kupitisha usonji vilevile.

Ninachoomba si jumba jipya. Hospitali za rufaa za Kitui na Wote zitenge siku moja kila mwezi kwa watu wazima, mtaalamu aletwe, na mazungumzo yafanywe kwa Kikamba au Kiswahili. Vyuo vikuu vitafsiri hojaji na kuzijaribu. Wahadhiri wampe mwanafunzi wa namna hii maagizo ya maandishi yaliyo wazi na chumba tulivu cha mtihani. Mkaguzi wa bajeti ataona kwamba hayo ni machache mno. Madiwani wa kaunti zote mbili wanapojadili makadirio ya fedha, kijana wa Makueni angali anangoja mtu wa kumsikiliza.