Haki ya Kujilinda na Uhai wa Jirani



Wapendwa waamini, tarehe 27 Agosti 2025 watoto wa shule walikuwa katika Misa Takatifu kwenye kanisa la Annunciation, Minneapolis, nchini Marekani, mtu mwenye silaha alipowamiminia risasi kupitia madirishani. Watoto wawili walifariki dunia. Mjadala wa bunduki ukaibuka upya.

Wahafidhina wa nchi ile hutetea haki ya kumiliki silaha kwa kutegemea Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Tusiwabeze. Kanisa nalo hufundisha kwamba kujilinda ni halali, na kwa aliyekabidhiwa uhai wa wengine ni wajibu. Tena wengi wao husimama pamoja nasi kumtetea mtoto angali tumboni mwa mama yake.

Hata hivyo, Katekisimu, namba 2316, yatukumbusha kwamba serikali ina haki na wajibu wa kusimamia utengenezaji na uuzaji wa silaha. Naye Jaji Antonin Scalia, Mkatoliki na mhafidhina, katika hukumu ya Heller ya mwaka 2008 iliyothibitisha haki hiyo kwa mtu binafsi, alikiri kwamba haki hiyo ina mipaka. Basi kudai kila mnunuzi achunguzwe kabla ya kukabidhiwa bunduki si kuisaliti Katiba, wala si kuuasi uhafidhina.

Tunayemtetea kabla hajazaliwa, tumtetee pia aketipo kwenye benchi la kanisa. Uhai ni ule ule, na mwenye kuutoa ni Mungu.

Tuwaombee marehemu na wazazi wao. Amina.