Gari Ndogo kwa Mwenye Mikarafuu

Tangu zilipouzwa karafuu za msimu uliopita, wanachama watatu wamenijia barazani kwangu kwa suali moja: yafaa kununua hizi gari ndogo za Kijapani kwa kwendea shamba na kurudi mjini kila siku? Nimemjibu kila mmoja peke yake. Sasa naona afadhali niseme mbele ya wenzangu wote, maana mmoja wao yu tayari kuzitia fedha zote za mavuno yake katika Vitz, asibakishe hata za kupalilia.

Gari yenyewe naisifu. Ninayo Vitz ya injini ya lita 1, mwaka wa tatu huu. Nyumba yangu iko Malindi na shamba langu liko upande wa Mahonda, kilomita 20 na ushei. Mwezi mmoja niliandika kila lita niliyotia, nikaona lita moja yanipeleka kama kilomita 15, basi kwenda na kurudi ni lita 3 kwa siku. Japani ilitoka kwanza mwaka 1999, na jina lake likaachwa huko mwaka 2020, lakini hapa spea zake zapatikana na kila fundi wa Ng'ambo anaijua. Nduguye Passo, iliyotoka mwaka 2004, ile ya lita 1 ina silinda tatu, nayo hutetemeka ikisimama kwenye foleni ya Darajani. Huo si ugonjwa, ndivyo ilivyoumbwa. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hakuna gari ipitayo, kubwa wala ndogo. Lakini ukitafuta pa kuiacha nje, ufupi wake utaushukuru.

Penye lami sina ugomvi nayo. Ugomvi waanza tunapoacha lami kuingia mashambani, khasa masika, dongo jekundu likisharoa. Tumbo la gari hizi li karibu na ardhi, na mipira yake ni midogo. Mara mbili nimeburura ekzosi juu ya mizizi ya mwembe. Siku hizi huiacha kwa jamaa yangu barabarani, nikatembea robo saa. Kiatu kina bei ndogo kuliko ekzosi.

Wala isifanywe punda wa karafuu. Nimeona kwa macho yangu gari imejazwa karafuu mbichi mpaka juu ya viti, vioo vimefungwa, na mwenyewe amekaa mkahawani anakunywa chai! Karafuu mbichi zikirundikwa zikapata joto huchacha, na hata zikianikwa baadaye hutoka nyeupe-nyeupe, daraja limekwisha kuanguka. Kavu ni mambo mengine, lakini hata hizo mimi sipakii zaidi ya magunia mawili ya kilo 50. Zilizobaki hukodi Suzuki Carry, au gari ya ng'ombe mpaka barabarani.

Lakini jambo lililonitia kalamu mkononi ni fedha. Mwenye mshahara hupata kila mwezi, na gari yake yala kila mwezi, wanakwenda sawa. Sisi mkarafuu mwaka huu wajaa, mwaka ujao twatazama majani. Gari haijui hayo. Kwa siku 26 za mwezi yangu yataka lita 78, kwa bei ambayo ZURA huitangaza kila mwezi, na hawaitangazi kwa kutazama mikarafuu yetu. Ongeza oili, mipira, bima, leseni ya njia na fundi. Kwa hiyo nasema: toa kwanza fedha za wapaliliaji na za kuanzia uchumaji ujao, kisha weka kando petroli ya mwaka mzima. Ikibaki bei ya gari, nunua kwa furaha. Isipobaki, vespa au daladala si aibu, khasa kwa mtu aendaye shamba mara mbili kwa wiki.

Na ukinunua, usiamini mita ya kilomita. Gari yangu ya kwanza, kabla ya hii, ilionyesha kilomita chache kabisa, na raba ya pedali ya breki imelika mpaka chuma chaonekana. Niliiona. Nikanyamaza kwa sababu rangi yake ilikuwa nzuri na muuzaji ni mtu wa maneno matamu. Haikutimia miezi minne, ikawa inakula oili kama petroli, na moshi wa buluu wanifuata toka Bububu mpaka mjini, watoto wanacheka. Tazama raba ya pedali, tazama usukani, kisha lala chini utazame kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma.

Yule bwana wa Vitz nimemwambia anipitie Ijumaa baada ya sala twende kuitazama pamoja hiyo aliyoipenda. Tochi nitachukua mimi. Yeye aje na hesabu ya wapaliliaji wake.