Mara na Diani Tumezoea. Hizi Place Zingine Nani Alizificha?

Kila likizo ikikaribia, grupu ya WhatsApp ya mbogi yenu inawaka moto. Mmoja anasema Diani. Mwingine Naivasha. Yule ameanza kazi juzi anasema Mara, halafu mnacheki bei ya hoteli na grupu inanyamaza hadi Januari. Si ndio?

Tunaongeanga ni kama Kenya ina sehemu tano za kutembea. Buda, hii nchi ni kubwa. Ni karibu kilomita mraba 580,000. Marsabit pekee inameza Rwanda mara mbili na nafasi inabaki. Na bado serikali ikituambia tutembee Kenya, picha ni zile zile: simba, puto la Mara, mchanga mweupe.

Halafu kuna hizi video za "place fiti hazijulikani." Hapo lazima tuulizane: hazijulikani na nani? Wasee wa hapo wanazijua tangu wazaliwe. Hakuna mtu alizificha. Kuna mahali barabara ilipelekwa na kuna mahali haikupelekwa, na hiyo haikuwa bahati mbaya.

Anza na Thimlich Ohinga, kule Migori. Ni maboma ya mawe, yamekuwa hapo karibu miaka 500. Hakuna simiti. Hakuna hata tope la kushikanisha. Ni jiwe juu ya jiwe, mpangilio tu, na kuna kuta zinapita mita nne. Zimesimama hadi leo, wakati huku mtaani gorofa inaanguka kabla wapangaji wahamie. UNESCO iliiweka kwa orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Kwa hivyo dunia inaijua. Ni sisi ndio hatuijui, juu ukitoka Migori mjini bado una safari ndefu ya vumbi mbele yako.

Pwani nayo tunaendanga kila Disemba na bado tunapita history ikiwa kando ya barabara. Pale Gede, mahali unakata kona kuenda Watamu, kuna mji mzima wa Waswahili wa kitambo ndani ya msitu: kasri, misikiti, nyumba za mawe. Wachimbaji walipata hadi vyombo vya kutoka China, yaani hawa wasee walikuwa wanafanya biashara na dunia wakati hakuna mtu alikuwa anaitwa Mkenya. UNESCO iliiongeza kwa orodha 2024. Wewe ulipita hapo na mat ukiwa umelala.

Ukiwa na siku moja zaidi, toka Malindi uende Marafa. Mvua imechonga udongo mwekundu, mweupe na wa machungwa hadi ukabaki bonde la miamba iliyosimama kama minara. Wenyeji wanaliita Nyari. Jua likianza kushuka, rangi zinabadilika na hauhitaji filta.

Sasa twende kaskazini, juu hapo ndio story inakuwa serious.

Mashariki mwa Ziwa Turkana kuna mbuga ya Sibiloi, na ndani yake Koobi Fora, mahali kumepatikana mabaki ya watu wa kale yaliyobadilisha vile dunia nzima inaelewa binadamu alitoka wapi. Ng'ambo ya ziwa, mwaka wa 1984, Mkenya anaitwa Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu chini. Kikatoa mifupa karibu kamili ya kijana aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita, yule wanaitwa Turkana Boy. Watu wanavuka bahari kuja kusoma hiyo sehemu. Wewe umezaliwa Kenya na kufika huko ni kama kuomba visa.

Kwa nini? Rudi 1965. Serikali ilitoa karatasi ya mipango, Sessional Paper nambari 10. Ilisema pesa ya maendeleo iende kwanza mahali itazaa haraka: penye mvua, udongo mzuri, barabara na stima. Penye havikuwa, pangoje. Kaskazini ilingoja. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500, na lami ilikuja kukamilika miaka zaidi ya 50 baada ya uhuru. Kabla ya hapo ulikuwa unapanda lori, unakula vumbi, unaomba Mungu.

Na cheki hii. Barabara ya kutoka Laisamis kuenda upande wa Loiyangalani, karibu kilomita 208, ilitengenezwa juu mradi wa umeme wa upepo ulihitaji kupitisha mitambo 365. Yaani upepo ulipata barabara kabla ya watu.

Kwa hivyo mtu akikuambia Wakenya hawapendi kutembea, mwambie apunguze mchezo. Mwaka wa 2020 Corona ilipofunga anga na wazungu wakakosa kuja, hoteli zilishusha bei na ni sisi tulijaza. Kupenda tunapenda. Kile tunakosa ni mat ya kufika, kibao cha kuonyesha njia na mahali pa kulala bila kuuza simu.

Najua utasema doh ni kidogo. Mimi niliacha chuo nikiwa na deni, kwa hivyo tuko pamoja. Basi anza na Saiwa Swamp, karibu na Kitale. Ndio mbuga ndogo zaidi ya kitaifa Kenya, kama kilomita mraba tatu. Hauhitaji kukodi gari la safari, unatembea na miguu yako juu ya mbao, unatafuta nzohe, swala wa kwato ndefu anayeishi kwa kinamasi. Mat hadi Kitale, nduthi hadi geti, umemaliza.

Lakini ukienda, enda na heshima. Kaskazini, uliza hali ya usalama kabla utoke. Usipige mtu picha bila kumuuliza. Lipa gaidi wa hapo na kula kwa kibanda cha hapo, juu yule kijana anakuonyesha njia ni rika lako, na yeye pia anatafuta kazi. Siku wageni hawajakuja, hajakula.

Disemba grupu ikiwaka tena, kabla mtu aandike Diani, wewe andika Thimlich. Halafu mbunge wa huko akikuja kuomba kura, muulize ile barabara ya vumbi itaisha lini.